Pishi na Mizani

Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Kila mwanafunzi aijua methali hii, lakini ni wachache waliopata kukiona kibaba chenyewe. Kibaba hakikuwa fumbo la washairi. Kilikuwa chombo cha kila siku sokoni na jikoni, na historia yake yatufundisha jambo kubwa juu ya haki baina ya muuzaji na mnunuzi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki nafaka ilipimwa kwa ujazo. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, visaga viwili vilifanya pishi, na pishi 60 zilifanya jizla. Bidhaa za biashara kubwa, kama vile pembe za ndovu na karafuu, zilipimwa kwa uzito, yaani kwa frasila, ambayo ni karibu ratili 35, au kilo 16. Hivyo wazee wetu walizijua njia zote mbili, na kila moja ilikuwa na mahali pake.

Watunga kamusi wa zama za ukoloni walikadiria pishi ya nafaka kuwa na uzito wa ratili 6 hivi, sawa na kilo 2.7. Makadirio hayo yafaa, lakini tusiyafanye sheria. Pishi ya mchele na pishi ya unga hulingana machoni, lakini hazilingani mizanini.

Unga ndio mkaidi kuliko vyote. Ukiuchekecha, hewa huingia ukafutuka, ukiushindilia, hushuka. Kikombe cha mililita 250 hubeba gramu 250 za maji. Kikijazwa unga wa ngano uliochekechwa, chaweza kubeba gramu 120 hivi. Kikichotewa moja kwa moja mfukoni, chaweza kufikia gramu 150 au kuzidi. Ndiyo sababu wapishi wawili hufuata maelezo yale yale ya mkate, wa mmoja ukatoka laini, wa mwenziwe ukatoka mgumu. Mwokaji mwenye mizani na apime kwa gramu. Asiye nayo na ashike desturi moja: auchekeche unga, aujaze kwa kijiko bila kuushindilia, kisha aufute kwa kisu.

Desturi hiyo si ngeni kwetu. Wazee walitofautisha kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kikafanya kichuguu, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa sawasawa na ukingo. Aliyekopa kibaba cha tele akalipa cha mfuto alikuwa amedhulumu, ingawa hesabu ya vibaba ilikuwa ile ile.

Dhuluma ya namna hiyo haikufa pamoja na pishi. Mkulima anayelazimishwa kufungasha mazao kwa lumbesa, gunia lenye kilemba juu yake, hulipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia. Tanzania ilitunga Sheria ya Vipimo mwaka 1982, na mwaka 2002 ikaanzisha Wakala wa Vipimo. Hata hivyo, sheria humfaa zaidi yule aelewaye kinachopimwa.

Basi walimu na wawafundishe vijana kuuliza maswali mawili mbele ya kila chombo: je, hiki ni ujazo au uzito? Na je, ni cha tele au cha mfuto? Ajuaye kuuliza hivyo hatapunjwa kwa urahisi, wala hatampunja mwenziwe pasipo kujua.