Stadi Isiyotahiniwa: Kusikiliza na Kuzungumza katika Somo la Kiswahili Nchini Kenya na Funzo Lake kwa Uganda

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza nchini Kenya mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Hadhi hiyo ilitokana na mtihani. Nao mtihani wenyewe ulikuwa wa maandishi.

Silabasi ilitaja stadi nne, kusikiliza na kuzungumza zikiwa mbele. Hata hivyo, karatasi tatu za Kiswahili katika KCSE, yaani Insha, Lugha na Fasihi, hazikumtaka mtahiniwa asikilize wala aseme. Matamshi yalielezwa kwa kalamu. Hata fasihi simulizi, ambayo uhai wake ni fanani kusema na hadhira kuitikia, ilijibiwa kimyakimya katika ukumbi wa mtihani. Mwanafunzi aliweza kueleza sifa za msimulizi bora bila kuwahi kusimulia.

Haiwezekani kudai kwamba upimaji wa stadi hizo ulishindikana. Baraza lilelile la mitihani lilitahini Kifaransa kwa ufahamu wa kusikiliza, imla na mazungumzo ya ana kwa ana. Tofauti hiyo yaelekea kuwa na chanzo chake katika dhana: Kifaransa kilichukuliwa kuwa lugha ya kufunzwa, ilhali Kiswahili kilichukuliwa kuwa lugha ambayo mwanafunzi huja nayo shuleni. Dhana hiyo ilimsahau mtoto aliyelelewa kwa lugha nyingine nyumbani. Iliwasahau pia wenye Kiswahili, kwani kuijua lugha si sawa na kujua kumsikiliza mwenzako hadi mwisho, kuuliza pasipoeleweka na kutoa hoja kwa mpangilio.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, umeifanya Kusikiliza na Kuzungumza kuwa mada inayojitegemea na kuipa nafasi katika tathmini ya shuleni. Ni marekebisho yaliyochukua zaidi ya miongo mitatu.

Uganda, ambayo Baraza lake la Mawaziri liliidhinisha mnamo Julai 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, haina sababu ya kusubiri muda kama huo. Mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Kwa hiyo, swali la namna ya kupima usikilizaji na uzungumzaji linafaa kuamuliwa kabla ya karatasi ya kwanza kutungwa. Uamuzi huo ukiahirishwa, Waganda watapata vyeti vya Kiswahili huku mawasiliano ya Kiswahili yakibaki nje ya darasa.