Wabunifu wa programu wanavyoweza kuvuna pesa kwenye intaneti

Kuunda programu za tarakilishi na za simu za rununu ni kazi isiyohitaji ofisi jijini. Kijana anayeishi Zombe, mashariki mwa Kaunti ya Kitui, aweza kuifanya nyumbani mradi awe na umeme na mawimbi ya simu. Lililo gumu ni kuamua ni nani atakayemlipa.

Njia inayofahamika zaidi ni matangazo ya biashara. Mwenye tovuti hujisajili na huduma ya AdSense ya kampuni ya Google, ambayo huweka matangazo katika kurasa zake na kugawana naye mapato. Hata hivyo, fedha hizo hazitumwi hadi zitimie dola 100 za Marekani. Tovuti ya kutangaza bei za mbuzi, ndengu na asali katika masoko ya Kitui yaweza kuwafaa mno wakulima na wafugaji, lakini kwa kuwa wasomaji wake ni wachache, mwenyewe huenda akangoja miezi mingi.

Njia ya pili ni kuuza programu katika duka la Google Play. Mbunifu hulipa dola 25 mara moja tu kujisajili, kisha Google hukata ada katika kila mauzo. Mnamo Julai 2021, kampuni hiyo ilipunguza ada kutoka asilimia 30 hadi 15 kwa dola milioni moja za kwanza kila mwaka.

Njia ya tatu, inayoafiki zaidi soko dogo, ni kumtoza mtumiaji moja kwa moja. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom Machi 2007, iliwazoesha Wakenya kulipa viwango vidogo kwa simu. Mwaka 2017, Safaricom ilizindua Daraja, mfumo unaowawezesha wabunifu kuunganisha programu zao na M-Pesa. Wafugaji 200 wakilipa shilingi 20 kila wiki, mwenye huduma hupata shilingi 4,000 kabla ya gharama. Haba na haba hujaza kibaba.

Aidha, yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda programu za tarakilishi kama kazi za uandishi, lakini iwapo kazi imeagizwa na mtu mwingine, haki humwendea aliyeagiza pasipokuwa na mkataba unaosema vinginevyo. Anayetaka kuuza programu ile ile kwa chama kingine cha ushirika hana budi kuandikiana mapema. Pili, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilianzisha kodi ya asilimia 5 kwa wakazi wa Kenya wanaolipwa kutokana na maudhui ya mtandaoni, na hukatwa kabla ya malipo kumfikia mhusika.

Kwa hivyo, kabla ya kupanga bei, ni heri kuhesabu kitakachobaki mfukoni.