Mtandao wa Taarifa za Kliniki, Embu
Mtandao wa Taarifa za Kliniki ni mtandao wa utafiti wa hospitali za kaunti nchini Kenya, ulioanzishwa mwishoni mwa 2013 na Wizara ya Afya, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Kenya na mpango wa KEMRI na Wellcome Trust. Hospitali ya Embu, zamani hospitali kuu ya Mkoa wa Mashariki, ni miongoni mwa wanachama wake.

Mtafiti hapa hahitaji maabara. Shamba lake ni wodi ya watoto. Mtoto akilazwa, daktari, mara nyingi mwanagenzi, hujaza fomu ya kupokea mgonjwa yenye visanduku: homa, kikohozi, degedege, uzito. Mtoto akiruhusiwa kwenda nyumbani, karani wa takwimu hulifungua faili na kuingiza yaliyomo kwenye kompyuta. Fomu ikiachwa tupu, hakuna utafiti. Kwa hiyo kumvuta daktari mwenye foleni ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Kinachomvuta daktari ni mrejesho: ripoti za hospitali yake mwenyewe, na mikutano ambako madaktari wa watoto hulinganisha kazi zao.

Njia nyingine ya kuunda mtandao wa utafiti ni kumwandikisha mtaalamu mmoja mmoja. Nchini Australia, matabibu wa uti wa mgongo waliandikishwa hivyo mwaka 2015 katika mtandao wa ACORN. Embu, hospitali ndiyo iliyojiunga.