Mtoto Amepona, Je, Anaishije?

Katika habari za uganga wa kupasua kuna maulizo mawili yanayofuatana. La kwanza: mtoto ataishi? La pili: ataishije? Ulizo la kwanza liliwashughulisha waganga tangu zamani; la pili lilikawia mno. Leo tuyafuate yote mawili katika ugonjwa mmoja wa watoto wachanga, ndio uvimbe wa kifandugu.

Kifandugu ni ule mfupa mdogo ulio mwisho wa uti wa mgongo. Pengine mtoto huzaliwa na uvimbe mahali hapo, mdogo kama yai, au mkubwa kupita kichwa chake mwenyewe. Ugonjwa huu ni wa nadra: humpata mtoto mmoja hivi katika watoto 35,000 au 40,000 wanaozaliwa, na wasichana huupata mara tatu au nne kuliko wavulana. Katika karne ya 19 Rudolf Virchow, mganga wa Ujerumani, aliuita teratoma, kwa neno la Kigiriki teras, maana yake kioja cha kutisha. Kwani ndani yake pengine hukutwa nywele, mfupa, hata jino. Jina lenyewe lilibeba hofu ya watu. Lakini kioja hakuna. Ni chembe za mwili zilizokawia mahali pasipo pao, mtoto akiwa bado tumboni, zikakua bila utaratibu. Si laana, wala si kosa la mama.

Hatari zake zilijulikana. Uvimbe hunywa damu nyingi kwa mshipa upitao mbele ya kifandugu, na mtoto mchanga ana damu kidogo tu. Tena ukiachwa, waweza kugeuka kansa. Na hata ulipotolewa, mara nyingi ulirudi. Kwa nini?

Jibu lilitoka Boston, Marekani. Huko alikuwako Robert Gross, yule aliyepata sifa mwaka 1938 kwa kufunga mshipa uliobaki wazi karibu na moyo wa mtoto. Mwaka 1951 yeye na wenzake waliandika habari za wagonjwa 40 wenye uvimbe wa kifandugu. Fundisho lao lilikuwa wazi: usitoe uvimbe ukaacha mfupa. Kifandugu kilipoachwa, uvimbe ulirudi kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa.

Mwaka 1974 Altman na wenzake, nao wa Marekani, walitangaza habari za watoto 405. Wakaonyesha kwamba kukawia ni kubaya sana. Wasichana walioonekana na ugonjwa kabla ya miezi miwili, 7 tu katika 100 walikuwa na kansa. Baada ya miezi miwili walikuwa 48. Kwa wavulana hesabu ilipanda kutoka 10 hata 67. Kisha zikaja dawa kali za kansa, kama sisplatini, na hata wale waliokuwa hawana tumaini wakaanza kupona. Basi ulizo la kwanza likapata jibu: walio wengi wataishi.

Hapo ndipo watu walipolala. Kidonda kimefunga, mtoto ananyonya, wazazi wanashukuru, mganga anaandika kwamba mgonjwa amepona. Lakini tutazame mwili ulivyoumbwa. Kifandugu ni kama kigingi: misuli inayozuia haja kubwa imeshikwa hapo. Karibu nacho hupita mishipa ya fahamu inayoamuru kibofu na matumbo. Uvimbe ukikua huisukuma na kuinyoosha. Kisu nacho chaweza kuigusa. Mganga mwema huirudisha misuli mahali pake na kuishona, lakini mshipa wa fahamu ulioharibika haushonwi kama nguo. Wala tusimlaumu mwenye kisu upesi, maana mara nyingi uvimbe wenyewe ulikwisha haribu kabla yake.

Madhara hayo hayaonekani kwa mtoto mchanga, kwani kila mtoto mchanga hujichafua. Huonekana anapofika miaka mitatu au minne, wenzake wamezoea, yeye bado. Na huyo aliyempasua amekwisha kumsahau.

Mwaka 1990 mganga Malone na wenzake wa London waliandika juu ya shida hizo. Mwaka 1993 waganga wa Helsinki waliwapima watu wazima waliopasuliwa utotoni, wakakuta baadhi yao bado hawawezi kujizuia vema. Mwaka 2007 Derikx na wenzake walitoa habari za nchi nzima ya Uholanzi: 46 katika 100 walikuwa na shida ya haja kubwa, au ya mkojo, au zote mbili.  Tena wengi hawakuridhika na kovu lao.

Je, hakuna msaada? Upo. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Michigan alifundisha kwamba mgonjwa aweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba ulio safi, mara kadhaa kwa siku, na hivyo kuokoa mafigo yake. Naye Malone, mwaka uleule wa 1990, alitangaza njia ya kufungua kidole tumbo kwenye ngozi ya tumbo, ili maji yapitishwe hapo na kusafisha matumbo kwa saa anayoichagua mgonjwa. Wengine wahitaji chakula kinachofaa na zoezi la kwenda chooni kwa saa maalum, basi.

Lakini dawa haimfikii anayejificha. Mtoto hasemi, maana anaona haya; mzazi hasemi, maana anafikiri ni uvivu, pengine anampiga; mganga hajui, maana hakuuliza. Basi mzazi ambaye mtoto wake alipasuliwa hapo, asingoje. Ampeleke kupimwa kila mwaka hata akue, na kueleza mambo yote wazi. Mwalimu naye akimwona mtoto anayeketi peke yake kwa sababu ya harufu, asimwaibishe mbele ya wenzake, bali awaulize wazazi kwa siri: mtoto huyu alipasuliwa alipokuwa mchanga?