Ziara za Mafunzo katika Mashamba ya Mbuzi wa Maziwa

Ziara ya mafunzo katika shamba la mbuzi wa maziwa ni safari ya kundi la wanafunzi, wakulima au wanakikundi kwenda kuona ufugaji unavyoendeshwa mahali panapoishi kwa kuuza maziwa. Shamba la namna hiyo si bustani ya wanyama wala banda la maonyesho ya Nane Nane, kwa maana mbuzi wake watakamuliwa asubuhi na jioni hata kama hakuna mgeni aliyefika. Thamani yote ya ziara inatokana na hali hiyo, na kila hatua ya kulipamba shamba ili liwapendeze wageni huipunguza. Mambo makuu ya ufugaji huu hayaonekani kwa macho. Hujulikana kwa mizani, kwa daftari na kwa masharti ya usafi, na vitu hivyo huheshimiwa tu pale ambapo kuvipuuza kunamtia mtu hasara.

Ushahidi mzuri unatoka Malta. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alimtambua bakteria wa homa iliyokuwa ikiwalaza askari kwa wiki na miezi, lakini njia ambayo bakteria huyo alipitia kuwafikia haikujulikana kwa miaka mingi. Wakati huo mbuzi wa kisiwa hicho walikuwa wakiswagwa mitaani na kukamuliwa mlangoni kwa mnunuzi, naye alishuhudia mwenyewe kwamba maziwa hayakutiwa maji. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari wa hukohuko Malta, alipima damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa akakuta wameambukizwa. Mwaka uliofuata maziwa ya mbuzi yaliondolewa katika chakula cha askari, na wagonjwa kambini wakapungua haraka. Raia, ambao waliendelea kuyanywa mabichi, waliendelea kuugua. Watu wachache sana wamewahi kuwa karibu na chanzo cha maziwa yao kama Wamalta wa zama zile, na ukaribu huo haukuwaonya lolote. Ziara inayoishia kwenye kutazama na kugusa, basi, huwaacha wageni pale walipokuwa wanunuzi wa Malta kabla ya kipimo cha Zammit.

Katika shamba lenye kazi, somo limo ndani ya vitendo vidogo vya kukamua. Mkamuaji huosha kiwele na kukikausha, kisha huelekeza michirizi ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi, aone kama kuna mabonge, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Mbuzi ana chuchu mbili tu. Upande mmoja ukiharibika, nusu ya kiwele imekwenda. Maziwa hupimwa, huandikwa kwa jina au namba ya mbuzi, huchujwa, kisha hupozwa au huuawa vijidudu kwa nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Haya yote mwalimu anaweza kuyaeleza darasani. Kinachohitaji safari ni kumwona mkamuaji akimwaga maziwa ya mbuzi aliyechomwa sindano ya antibiotiki, kwa sababu muda wa dawa haujaisha, huku kila aliyepo akiijua bei ya lita moja. Na daftari lenyewe ni la kukaa nalo. Katika nyanda za juu za Kenya ya kati, wanachama wa chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa chenye makao Nyeri walipandisha mbuzi wa kienyeji kwa madume ya Alpine ya Kijerumani, kizazi baada ya kizazi, wakiandikisha daraja la kila mzao na kuhamisha mabeberu toka kikundi hadi kikundi ili dume lisipande binti zake. Meru kazi kama hiyo ilifanywa kwa Toggenburg, na Mgeta, katika milima ya Uluguru, kwa mbuzi kutoka Norway walioletwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mgeni akimtazama mbuzi wa huko ataona mnyama mwenye kiwele kikubwa, lakini hawezi kuona mama na bibi zake bila daftari.

Pingamizi zito ni la maradhi, nalo halistahili kupuuzwa. Mwaka 2009 watu 93, wengi wao watoto, waliugua kwa bakteria wa E. coli O157 waliohusishwa na shamba la wageni la Godstone, kusini mwa Uingereza. Uholanzi, kati ya 2007 na 2010, zaidi ya watu 4,000 waliripotiwa kuugua homa ya Q iliyotoka hasa katika mashamba ya mbuzi wa maziwa, na serikali ikaamuru kuchinjwa kwa makumi ya maelfu ya mbuzi, wakiwemo wenye mimba. Wapo wanaohitimisha kwamba mageti yafungwe. Lakini matukio haya mawili yakitazamwa kwa makini hayasemi hivyo. Godstone palikuwa mahali pa kugusa na kubembeleza wanyama, yaani ziara ya aina ileile ambayo makala hii inaipinga. Uholanzi nako wagonjwa wengi hawakuwahi kuingia bandani. Waliishi jirani, na vumbi likawafikia kwa upepo, kwa hiyo geti peke yake lisingewaokoa. Kinachofuata ni masharti: kukanyaga dawa langoni, kunawa kwa maji yanayotiririka na sabuni (jeli ya mkononi haitoshi penye kinyesi), kutokula wala kunywa karibu na banda, kutoonja maziwa mabichi, na wajawazito kubaki nje. Sharti gumu kuliko yote linahusu msimu. Shule hupenda kufika wakati mbuzi wanazaa, kwa sababu watoto wa mbuzi hupendeza, ilhali kondo la nyuma na maji ya uzazi ndiyo hubeba vijidudu vya homa ya Q kwa wingi wa kutisha. Shamba linalokubali kundi wiki hizo kwa ajili ya picha limekwisha kuacha kufundisha. Linalokataa, na kueleza kwa nini, limefundisha kabla basi halijawashwa.

Pingamizi jingine husema siku moja haimtengenezi mfugaji. Ni kweli. Shamba darasa, mbinu iliyoanzia kwenye mpunga Indonesia mwaka 1989 na kuingizwa katika mifugo Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, hukutanisha wakulima walewale mara kwa mara kwa msimu mzima, wajaribu na kupima wenyewe. Ziara haiwezi kushindana nalo, wala haina haja. Mkulima anayefikiria kuuza ng'ombe wake anunue mbuzi wawili hahitaji bado ustadi. Anahitaji kujua kama kazi hiyo ataiweza. Saa mbili za kukata matete, kubeba maji na kusafisha banda zitamjibu, ilimradi apewe panga na ndoo badala ya kiti na soda.

Wageni humsumbua mbuzi pia, ingawa si kama wanavyomsumbua ng'ombe: sehemu kubwa ya maziwa ya mbuzi hukaa tayari katika tangi la kiwele, hivyo woga hauyazuii kwa kiasi kilekile. Anayesumbuka zaidi ni mkamuaji, anayejibu maswali huku akikimbizana na saa. Kwa hiyo kundi liwe dogo na ada ilipe muda wake, la sivyo atatafuta njia ya mkato: kuwaonyesha mbuzi wawili waliooshwa na kuwaficha wengine. Kinachofichwa kwanza mara nyingi ni madume. Karibu nusu ya wanaozaliwa ni madume, na shamba la maziwa huhitaji wachache mno. Uingereza wengi wao wameuawa mara baada ya kuzaliwa kwa kukosa soko. Afrika Mashariki dume hulishwa na kuuzwa kwa nyama, jambo ambalo hakuna mtoto wa Morogoro au Nyeri atakayeshtuka kulisikia, ila bei ya dume huyo na maziwa aliyonyonya yaandikwe ubaoni kando ya lita za siku hiyo.