Dhahabu na Wingi wa Watu Mijini

Kila mji una sababu iliyowaleta watu wake wa kwanza, na una sababu nyingine iliyowafanya wasiondoke. Mara nyingi sababu hizi mbili hazifanani. Sisi wakazi wa Busanza, ambao mtaa wetu wazidi kujaa mwaka hata mwaka, yatufaa kuitazama habari ya miji iliyojazwa na dhahabu, tupate kupambanua kitu kiujazacho mji na kitu kiudumishacho.

Mfano mashuhuri ni Johannesburg, Afrika ya Kusini. Dhahabu ilivumbuliwa huko mwaka 1886, mahali palipokuwa mashamba na malisho. Baada ya miaka 10 tu palikuwa na watu wapatao 100,000. Lakini mfano ulio karibu nasi, nao una mafunzo zaidi, ni wa kusini mwa Tanzania.

Mwaka 1922 dhahabu ilionekana Lupa, katika nchi ya Chunya. Ilikuwa dhahabu iliyochanganyika na mchanga, ambayo mtu aweza kuitafuta kwa sururu, beleshi na karai, bila ya mtaji mkubwa. Kisha ikaja dhiki ya miaka ya 1930. Bei ya mazao ilianguka ulimwenguni kote, na huku kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu. Wakati huo huo bei ya dhahabu ilipanda; mwaka 1934 Marekani iliiongeza kutoka dola 20.67 hata dola 35 kwa wakia moja. Basi aliyekosa fedha shambani aliifuata Lupa.

Yapasa kufahamu kwamba wachimbaji ni sehemu tu ya umati unaoletwa na dhahabu. Mchimbaji halimi, naye hana budi kula. Kwa hiyo wakulima wa Rungwe walipata soko la mpunga wao. Nyuma yake hufuata mwenye duka, fundi cherehani, mpishi na dereva wa lori. Walakini wengi wa wageni hao huwa ni wanaume waliowaacha jamaa zao nyumbani. Hesabu ya watu wa namna hiyo hupanda upesi na hushuka upesi, kwa maana mtu asiye na mke, mtoto wala shamba mahali alipo, aweza kufunga mzigo wake jioni akaondoka alfajiri.

Ndivyo ilivyokuwa Chunya. Mji ulistawi, ukapata maduka na hata taa za umeme. Lakini dhahabu iliyo rahisi kupatikana ilipungua, na mwaka 1956 mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa. Watu walitawanyika, na mji ukapooza kwa miaka mingi, hata wachimbaji wadogo walipourudia.

Sasa tuitazame Mbeya, isiyo mbali na Chunya. Nao ni mji uliozaliwa na dhahabu hiyo hiyo, katika miaka ya 1920. Mbona haukupooza? Kwa sababu ulikuwa na ardhi yenye rutuba iliyouzunguka na njia kuu ya kwenda Zambia. Na baadaye reli ya kutoka Dar es Salaam, iliyokamilika mwaka 1975, ilipita hapo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, Mbeya ilikuwa na watu zaidi ya 385,000. Dhahabu iliwaita watu kotekote, lakini ni shamba, soko na njia zilizowaweka.

Tukirejea kwetu Kigali, twaona jambo la ajabu zaidi. Mji huu uliasisiwa na Richard Kandt mwaka 1907, wala hakuna dhahabu iliyowaita watu. Madini ya bati yalichimbwa Rutongo tangu miaka ya 1930, lakini hayakuufanya kuwa mji mkubwa. Vijana wengi wa Rwanda walikwenda kutafuta kazi katika mashamba ya Uganda na migodi ya Katanga. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962, Kigali ilikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 1,745,555. Waliletwa na makao ya serikali, barabara, biashara na shule. Na wengi walirudi kutoka uhamishoni baada ya mwaka 1994.

Miongoni mwa wakazi wa kwanza wa mji huu walikuwamo Waislamu, wafanyabiashara na askari waliokuja zama za Wadachi. Walikuja kutafuta riziki, kama mchimbaji wa Lupa. Lakini walioa, walizaa, wakasali pamoja. Na msikiti uliojengwa Nyamirambo mwaka 1913 ni ushahidi kwamba hawakukusudia kupita tu.

Kati ya mwaka 2020 na 2022 jamaa nyingi zilihamishiwa hapa Busanza kutoka Kangondo na Kibiraro. Hawa hawakuitwa na dhahabu, na wengine wao hawakupenda kuhama. Nyumba wamepewa, lakini nyumba peke yake haimshiki mtu. Hushikwa na kazi iliyo karibu, shule ya wanawe, na jirani amjuliaye hali anapougua. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama watabaki au wataondoka ni jambo ambalo sehemu yake kubwa imo mikononi mwetu sisi tuliowatangulia.