Utando wa Seli na Matabaka Yake Mawili

Neno utando latokana na kitenzi tanda. Nalo laifaa sana ngozi nyembamba izungukayo seli, maana umbo lake lilitambuliwa kwa kutandaza mafuta juu ya maji.

Mwishoni mwa karne ya 19 Ernest Overton, akiwa Zürich, aliona kuwa vitu viyeyukavyo katika mafuta huingia upesi ndani ya seli, akakisia kuwa ukingo wake una asili ya mafuta. Mwaka 1925 Evert Gorter na François Grendel, huko Leiden, Uholanzi, walitoa mafuta ya chembe nyekundu za damu kwa asetoni, ambayo mengi ni fosfolipidi na kolesteroli, wakayatandaza majini hata yakawa tabaka lenye unene wa molekuli moja. Eneo lake likakaribia mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Basi wakasema utando una matabaka mawili: vichwa vipendavyo maji huelekea nje na ndani, na mikia iyaepukayo hukutana katikati.

Hukumu ilikuwa sahihi, bali ushahidi ulikuwa na kasoro. Asetoni haikutoa mafuta yote. Na chembe, zilizopimwa zikiwa kavu, zilionekana ndogo kuliko zilivyo. Upungufu wa huku ulifidia ule wa kule, na jambo hilo lilibainishwa mwaka 1966.

Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson walieleza kuwa protini nyingi zimezama katika matabaka hayo na huweza kuelea humo. Hivyo anayeandika historia ya elimu hana budi kuipima njia mbali na jibu.